Desa halikusema: nani aliona matabaka matatu

Najua kimya kimekuwa kirefu. Boom limechelewa, bando limekata, na UE ya embriolojia iko wiki mbili mbele, kwa hiyo nilikuwa nimejichimbia kwenye vimbweta na maktaba, hata salamu za Yombo sikuwa na muda nazo. Leo nimeibuka na jambo moja ambalo limenikaa kichwani, na kwa kuwa nyinyi ndio watu wangu, mtalibeba pamoja nami.

Desa tulilonalo (lile lililorithiwa kutoka kwa waliotutangulia, wengi mnalo) lina sura nzima kuhusu kiinitete kinavyojipanga katika matabaka matatu. Sehemu ya historia ni mstari mmoja tu: Pander 1817, von Baer 1828, Remak 1855, Spemann na Mangold 1924. Kwisha. Kama konda anataja vituo: Mwenge, Makumbusho, Morocco, shusha! Hawa ni akina nani? Walikuwa wanatafuta nini? Ukikariri hivyo unapata alama zako mbili unaenda zako, lakini mimi nina sababu ya kutaka zaidi, na sababu yenyewe iko kijijini kwetu. Nitaifikia.

Kwanza kwa wale wa Sheria na Biashara, ambao mara ya mwisho kuiona seli ilikuwa kidato cha nne. Yai likisharutubishwa linagawanyika: seli mbili, nne, nane, mpaka linakuwa furushi la seli. Hapo hakuna kichwa wala mguu. Halafu seli zinaanza kuhama. Kwa binadamu hili linatokea wiki ya tatu: kwenye kisahani chembamba cha seli unajitokeza mstari, seli za juu zinauendea ule mstari, zinazama, zinatandazika chini yake. Zikimaliza, kisahani kina matabaka matatu. La juu ni ektodemu, litakalotoa ngozi ya nje, nywele, kucha, na pia ubongo na neva. La kati ni mesodemu: misuli, mifupa, moyo, damu, figo. La chini ni endodemu: utando wa ndani wa utumbo na mapafu, ini, kongosho. Yaani ngozi yako na ubongo wako ni ndugu wa tabaka moja. Mimi niliposoma hilo mara ya kwanza nilifunga daftari nikaenda kunywa chai.

Kwetu ni Likawage, ndani kabisa ya Wilaya ya Kilwa, huko kwa Wangindo, kwenye mpingo na ufuta. Bibi yangu hajui neno ektodemu lakini anajua kumulika yai. Kuku akishaatamia siku nne au tano, usiku anachukua tochi, analizungushia yai kiganja, anamulika. Lenye uhai lina vimishipa vyekundu vimetawanyika kama mizizi, na doa jeusi katikati. Lisilo na kitu linang'aa tupu, hilo linaenda kikaangoni. Sasa wadau, historia yote ya matabaka imeanzia hapo hapo anaposimama bibi, kwenye yai la kuku.

Aristotle alishavunja mayai siku baada ya siku akaona moyo unadunda kama nukta nyekundu. Waliopita madrasa nao wanayakumbuka maneno alaka na mudgha, kwa hiyo wazo kwamba mtoto anakwenda kwa hatua halikuwa geni huku pwani. Lakini Ulaya ya miaka ya 1600 na 1700 wasomi wengi walishika jambo jingine: kwamba mtoto yuko tayari tangu mwanzo, mdogo kupita kiasi, amekunjwa ndani ya yai au mbegu, kazi yake ni kufura tu. Msicheke. Ukiwa na hadubini mbovu na imani kali, hilo linaingia akilini. Kijana mmoja, Caspar Friedrich Wolff, alilipinga mwaka 1759 akiwa na miaka 26 hivi, na miaka kama kumi baadaye akaonyesha kwamba utumbo wa kifaranga hauanzi kama bomba. Unaanza kama utando bapa, ambao unajikunja mpaka kingo zinakutana. Kama ni bomba lililokuwepo tangu mwanzo, mbona lilikuwa mkeka? Wakubwa hawakumsikiliza, naye akaishia kufanya kazi St Petersburg.

Huo mkeka unaojikunja ushikeni vizuri, tutauhitaji.

Miaka hamsini baadaye anakuja Christian Pander, kijana wa Riga, mtoto wa tajiri mwenye benki. Hapa ndipo desa linaponiudhi, maana kisa chake kina pesa ndani na sisi watu wa boom tungekielewa. Pale Würzburg kulikuwa na profesa, Ignaz Döllinger, aliyetaka sana mtu arudie kazi ya kifaranga kuanzia saa za mwanzo kabisa. Karl Ernst von Baer alikuwepo na hamu alikuwa nayo. Kilichokosekana ni hela: mayai kwa maelfu, mtu wa kuangalia joto la kutotolea usiku na mchana, na mchoraji wa kulipwa. Kwa hiyo von Baer akamshawishi rafiki yake mwenye uwezo. Pander akafungua mayai zaidi ya 2000, akamlipa mchoraji Eduard d'Alton, na mwaka 1817 akatoa kitabu chenye picha ambazo mpaka leo ukiziona unanyamaza.

Alichokiona ni kwamba kile kidoa juu ya kiini cha yai si kitu kimoja. Kinaachana kuwa karatasi mbili, ya juu na ya chini, kisha kati yao inatokea ya tatu ambamo damu inaanzia. Hiyo mizizi myekundu anayoiona bibi kwa tochi ni ya karatasi hiyo ya kati. Tena Pander akasema jambo ambalo lilichukua zaidi ya miaka mia kueleweka: kwamba matabaka hayo hayafanyi kazi kila moja peke yake, kila moja linamhitaji mwenzake ili lifike linakokwenda. Baada ya hapo akaacha viinitete, akaenda kwenye mifupa ya wanyama wa kale. Mayai 2000 yalimtosha nadhani.

Von Baer ndiye aliyeendelea. Mwaka 1827 akawa mtu wa kwanza kuliona yai la mamalia, ndani ya mbwa, na mwaka 1828 akatoa kitabu kikubwa kuonyesha kwamba si kuku tu: samaki, chura, mjusi, mamalia, wote wenye uti wa mgongo wanapitia mpango huo huo. Kuna kisa chake ninachokipenda. Alikuwa na viinitete viwili kwenye pombe, akasahau kuviandika majina, na alipovirudia akashindwa kujua ni vya mjusi, vya ndege au vya mamalia. Kwa mtu mwingine hiyo ni aibu ya maabara. Yeye aliiandika kitabuni, kwa sababu ndiyo ilikuwa hoja yenyewe.

Robert Remak ana mstari mmoja kwenye desa na anastahili ukurasa. Alikuwa Myahudi wa Posen, akifanya kazi Berlin, na sheria za Prussia zilimfungia Myahudi mlango wa uprofesa labda abatizwe. Alikataa. Mwaka 1847 akaruhusiwa kufundisha kwa kibali maalumu, lakini uprofesa kamili hakuupata mpaka kufa. Huyu ndiye aliyechukua karatasi za Pander akazitazama seli kwa seli, akaonyesha kwamba zote zinatokana na mgawanyiko wa lile yai moja, akazipanga kuwa matatu kama tunavyosoma leo, na akataja kila tabaka linatoa nini. Kauli kwamba kila seli hutoka kwenye seli ilimpa umaarufu Virchow, lakini Remak ndiye aliyekuwa ameshatoka jasho. Haya mambo ya mtu kufanya kazi na mwingine kupokea makofi hayakuanzia kwenye makundi yetu ya asainimenti.

Huxley alishaona mwaka 1849 kwamba kiwavi wa baharini, yule anayewasha ukiogelea, ana matabaka mawili yanayofanana na ya kiinitete cha kuku. Haeckel akayachukua yote hayo akayafanya karibu dini, na michoro yake mingine ilipakwa chumvi mno. Nampita haraka, anasemwa vya kutosha.

Ila dini hiyo ilimuumiza mtu mmoja ambaye desa halimtaji kabisa. Julia Platt, Mmarekani, mwaka 1893 alitoa matokeo ya kazi yake juu ya salamanda. Sheria ilikuwa inasema gegedu na mfupa ni mali ya tabaka la kati, basi. Yeye akafuatilia seli za kichwani akaona gegedu za taya zinatoka ektodemu, tabaka la juu. Wenye vyeo wakamshambulia: haiwezekani, sheria ya matabaka hairuhusu. Alipata shahada ya uzamivu pale Freiburg mwaka 1898, akatafuta kazi ya kufundisha chuo, akakosa. Akaachana na sayansi, akahamia mji mdogo wa pwani California uitwao Pacific Grove, na mwaka 1931, akiwa na miaka 70 na ushee, wakamchagua meya, akapigania mpaka pwani ya pale ikahifadhiwa. Na gegedu? Alikuwa sahihi. Seli anazozisema zinatoka kwenye ukingo wa ektodemu pale inapojikunja, zinasafiri, na ndizo zinazojenga sehemu kubwa ya uso. Uso wako wewe unayesoma hapa una sahihi ya Julia Platt.

Sasa nitoke Ulaya kidogo maana mtaniambia hii historia haituhusu. Mwaka 1905, Agosti, boma la Wajerumani la Liwale lilipochomwa na wapiganaji wa Majimaji, wakiwemo babu zetu Wangindo, huko Berlin bwana Gustav Tornier alikuwa na chupa za vyura kutoka nyanda za juu kusini za koloni hilo hilo. Alichokiandika mwaka huo kilishangaza: chura wa kike mwenye watoto kamili tumboni. Chura asiyetaga! Wakati huo dunia nzima ya embriolojia ilikuwa inaishi kwa mayai ya chura ya dimbwini. Ndugu wa chura huyo ni yule wa Kihansi, aliyepatikana mwaka 1996 na kupewa jina na watu akiwemo Profesa Kim Howell wa hapa hapa Mlimani. Mwaka 2009 akatangazwa kwamba porini ametoweka, na mwaka 2010 vyura 100 waliozaliwa Marekani wakarudishwa nchini wakapata nyumba hapa chuoni. Wengi tunapita njia hiyo tukiwahi lekcha na hatujui kuna nini.

Na Kilwa yenyewe ina lake. Mwaka 2003, karibu na Songo Mnara, jarife la wavuvi lilitoa silikanti, samaki ambaye wasomi waliamini ametoweka zamani sana mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Baadaye Tanga wakavuliwa wengi. Silikanti naye hatagi. Mwaka 1975 wataalamu wa New York walimpasua mmoja aliyetoka Komoro wakakuta watoto watano ndani, kila mmoja na mfuko wake wa kiini cha yai. Jenomu yake ilipochapishwa mwaka 2013, watafiti walichukua kipande cha DNA yake kinachowasha jeni za kiungo, wakakipandikiza kwenye panya, na kikawaka mle mle kwenye kichipukizi cha mguu wa panya. Kichipukizi hicho ni nini? Fungu la mesodemu lililofunikwa na ektodemu. Pezi la samaki wa Songo Mnara na mkono unaoshika simu yako vinasikiliza amri zinazofanana.

Haya, turudi Freiburg, mwaka 1921. Hilde Mangold, mwanafunzi kama sisi, kapewa na profesa wake Hans Spemann kazi ya vidole. Kuna aina mbili za salamanda, moja viinitete vyake vyeupe, nyingine vyenye rangi. Kwa sindano ya kioo na kitanzi cha unywele wa mtoto mchanga, achukue kipande kidogo cha kiinitete cheupe, pale kwenye mdomo wa juu ambapo seli zinazama ndani kwenda kuwa mesodemu, akipandikize tumboni kwa kile chenye rangi. Dawa za kuua vijidudu hawakuwa nazo kama leo. Viinitete vingi vilikufa, waliobaki wa maana walihesabika kwa vidole.

Lakini hao wachache! Tumboni kwa kiinitete kulikuwa na kiinitete cha pili, wameungana kama mapacha, na uti wa mgongo wake. Na kwa kuwa rangi zilitofautiana, Hilde aliweza kuona nani ni nani. Kipande cheupe kilijenga kamba ya katikati, ila mrija wa neva wa yule wa pili ulikuwa kwa sehemu kubwa wa seli zenye rangi, za mwenyeji. Zilikuwa zinakwenda kuwa ngozi ya tumbo. Zikaambiwa na jirani yao wa chini ziwe uti wa mgongo, zikawa. Ndilo lile neno la Pander, kwamba tabaka linamhitaji mwenzake.

Makala ikatoka mwaka 1924 na jina la Spemann mbele. Septemba mwaka huo huo jiko la nyumbani kwa Hilde lililipuka, akaungua, akafa akiwa na miaka 25, ameacha mtoto mdogo. Spemann alipata Nobeli mwaka 1935. Kilichokuwa kinasemwa na lile tabaka hakikujulikana mpaka miaka ya 1990, zilipopatikana protini kama nogini na kodini, na jibu likawa kinyume cha matarajio: ektodemu ikiachwa yenyewe inaelekea kuwa neva. Kuna protini inayoiamuru iwe ngozi, na kile kipande cha Hilde kazi yake ni kuizuia hiyo amri isifike.

Sasa ule mkeka. Ektodemu iliyoambiwa iwe neva inakuwa bapa mgongoni mwa kiinitete, halafu kingo zake zinanyanyuka pande zote mbili, zinajikunja, zinakutana katikati na kuungana kama zipu, kwenda juu na kwenda chini. Ukimaliza ni mrija: juu ubongo, chini ugwe wa neva. Kwa binadamu upande wa kichwa unafungwa kama siku ya 25 tangu mimba itungwe, na upande wa chini kama siku ya 28. Usipofungwa chini, mtoto anazaliwa na tatizo ambalo hospitalini wanaliita mgongo wazi. Usipofungwa juu, mtoto haishi.

Hapa ndipo Likawage inapoingia.

Dada yangu, yaani binti wa mama mkubwa, alijifungua Septemba mtoto mwenye uvimbe kiunoni, laini kama puto la maji. Ilibidi wasafiri mpaka Nangurukuru kwenye lami, kisha Dar, na mtoto akafanyiwa upasuaji. Yu hai, ana maneno mengi kuliko wenzake, ila miguu haina nguvu. Hiyo ni sehemu moja. Sehemu ya pili ni kwamba nyumbani maneno yalianza. Mama mkwe wake alisema wazi kwamba mimba ilikuwa ya miezi sita na dada alibeba magunia ya ufuta kichwani kipindi cha mavuno, Juni, ndiyo maana mgongo wa mtoto ulipasuka. Wengine wakasema ni jini. Mume akawa kimya, na mnajua kimya cha mwanaume kwenye mambo kama hayo kinamaanisha nini. Kikaitishwa kikao cha kuzungumza kama dada arudishwe kwao.

Mjomba akanipigia usiku, kabla ya kikao. Hata baada ya shikamoo yangu hakuzunguka:

"Marahaba. Wewe si ndiye unayesomea mambo ya viumbe? Niambie, huyu dada yako ana kosa?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kimbweta na desa mkononi, ukurasa ule ule wa siku ya 28. Nikamwambia, "Mjomba, tuhesabu." Mtoto kazaliwa Septemba, kwa hiyo mimba ilitunga Desemba, mvua zinapoanza. Siku 28 zinatufikisha Januari. Januari dada alikuwa shambani kwenye palizi na wala hakujua kama ni mjamzito, labda siku zake zilikuwa ndiyo kwanza zimechelewa wiki mbili. Mgongo wa mtoto ulishindwa kufungwa wakati huo, akiwa mdogo kuliko punje ya mchele. Ufuta ulibebwa Juni, miezi mitano baadaye. Hakuna gunia linaloweza kurudi nyuma miezi mitano likaenda kufungua kitu.

Mjomba alikaa kimya, kisha akauliza swali ambalo lilinifurahisha na kunitisha: "Na hayo ya siku 28 nani aliyahesabu?"

Ndiyo maana nimewaandikia yote hayo juu. Aliyehesabu ni Wolff aliyeona mkeka unajikunja, Pander na mayai yake, Remak, Hilde. Mjomba sikumsimulia yote, salio lisingetosha. Nilimwambia ni watu waliofungua mayai maelfu, siku kwa siku, miaka 200. Akasema, "Hao nitawataja."

Kisha akauliza kama basi alikosea kwa chakula, na hapo nikawa mwangalifu, maana ni rahisi kumtoa mtu kwenye kesi ya ufuta ukamtia kwenye kesi ya mboga. Historia ya lishe nayo ni hii. Lucy Wills, daktari Mwingereza, alikuwa Bombay mwishoni mwa miaka ya 1920 akitafuta kwa nini wajawazito maskini wa pale wanaishiwa damu, akawatibu kwa kitu kilichomo kwenye hamira. Mwaka 1941 kitu hicho kikatolewa kwenye spinachi kikaitwa foliki asidi. Mwaka 1965 Hibbard na Smithells wa Liverpool wakakihusisha na watoto wanaozaliwa na kasoro kama hizi. Ubishi ukawa mrefu, mpaka Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilipofanya jaribio katika nchi 7, kwa wanawake ambao tayari walishapata mtoto wa aina hiyo. Mwaka 1991 walilisimamisha kabla ya muda, kwa sababu jibu lilikuwa limeshajitokeza: mimba 27 zilizopata tatizo, 6 tu zilikuwa za waliopewa foliki asidi, 21 za wasiopewa. Kinga ya asilimia 72. Siyo 100. Kuna visa vinavyotokana na jeni, na kisukari, na baadhi ya dawa za kifafa, na vingine vinatokea tu kwa mama aliyekula vizuri kuliko sisi wote. Kwa hiyo kuhusu dada hakuna anayeweza kusema ni nini hasa.

Tatizo ni kalenda. Vidonge vya FEFO mama anapewa akifika kliniki, na huko kwetu mtu anafika kliniki tumbo likishaonekana, miezi mitatu, minne. Mrija umeshafungwa au umeshashindwa zamani. Ndiyo sababu Marekani tangu 1998 wanaiweka kwenye unga, Afrika Kusini tangu 2003 kwenye unga wa mahindi na ngano, na Tanzania ikatunga kanuni mwaka 2011, mpango ukazinduliwa 2013. Wazo ni zuri: mwanamke awe nayo mwilini kabla hajajua kama atahitaji. Lakini unga unaorutubishwa ni wa viwanda vikubwa, wa kwenye mfuko wenye nembo. Likawage unabeba mahindi yako kwenye ndoo unapeleka mashineni, yanasagwa unarudi nayo, au unatwanga muhogo wako. Zipo sehemu za nchi ambako wameanza kufunga kifaa kidogo kwenye hizo mashine ndogo, kinadondosha virutubisho huku unga unatoka. Kwangu mimi hicho kifaa kina uzito kuliko nusu ya sura ya kwanza ya desa, na sijasikia mtu akikitaja darasani. Mbaazi na kunde tunazo, kisamvu tunacho, vyote vina foliki, ila majani tunayachemsha mpaka yanakata tamaa na sehemu kubwa inapotea kwenye maji na moto.

Kikao kilikaa Ijumaa baada ya swala. Mjomba alisema siku 28, akahesabu kwa punje za mahindi juu ya mkeka, moja moja, mbele ya wazee, mpaka Januari. Mama mkwe mpaka leo anasema ni ufuta. Lakini mume alizitazama zile punje, akauliza palizi ilianza lini, akajibiwa, na dada hakurudishwa.

Wanataka mtoto mwingine. Kwa aliyewahi kupata mtoto wa mgongo wazi kipimo ni kikubwa, miligramu 4 kwa siku, mara kumi ya wengine, na kinaanza kabla ya mimba kwa maelekezo ya daktari. Nesi alimwandikia vidonge, shemeji akavifuata mwenyewe Kilwa Masoko kwa bodaboda. Dada ananiambia anavimeza kila siku akitoka kumulika mayai ya bibi.